Mende wa Rimoti na Jino la Babu

Jumatatu, 4 Agosti
Jumamosi tunahama. Nyumba mpya ina kila kitu, haina Babu. Hii ya zamani angalau inacho kipande chake: jino lake la bandia, lililopotelea kwenye tundu la ukuta nyuma ya kabati. Mwaka wa tisa sasa.

Nani alisababisha? Mimi! Nilikuwa na miaka minane. Babu alinifundisha kumfunga mbawakawa uzi mguuni na kumrusha kama tiara. Nikamrusha sebuleni siku mchumba wa Shangazi alipokuja kujitambulisha. Akamwingia kwenye kola. Mchumba alicheza ngoma isiyo na mpigaji! Babu akacheka mpaka jino likachomoka, likabingirika, tundu likalimeza. Hakutaka jingine. Alicheka na pengo lake mpaka mwisho. Mchumba hakurudi. Shangazi hajanisamehe.

Leo Bibi kasema ataacha kabati, ataacha hata kitanda, lakini bila lile jino hatoki. Kakunja mikono kitini.

Nikamwambia atulie, mjukuu wake yupo.

Jumanne, 5 Agosti
Mpango! Nilisikia redioni: wataalamu wanawafunga wadudu mitambo mgongoni na kuwaendesha kwa rimoti, wanapenya kwenye vifusi kutafuta watu. Jino ni nini mbele ya mtu mzima? Shule tuliachana mapema, lakini masikio ninayo.

Vifaa: nyaya za spika za masikioni, betri ya saa, gundi, rimoti ya televisheni yetu iliyokufa. Na mende mmoja mnene wa jikoni. Nimempa cheo: Kapteni.

Shangazi kasema kombamwiko mezani kwake ni mwiko. Kisha akaja na mwiko wenyewe, wa mti. Kapteni kaokoka. Mimi nina nundu.

Halafu akauliza kwa nini nisiende tu upande wa pili wa ukuta kumwuliza kinyozi. Kinyozi! Yule aliyeninyoa nikafanana na yai lililomenywa vibaya? Siendi.

Jumatano, 6 Agosti
Majaribio sakafuni. Nikabonyeza kulia, Kapteni akaenda kulia! Nikashangilia peke yangu. Nikabonyeza kushoto, akaenda kulia. Nikabonyeza simama, akaenda kulia mbio. Shangazi kasema labda hajui kusoma, kafuata bwana wake. Bibi akatabasamu, mara ya kwanza wiki hii. Babu angekuwepo angeshika tumbo.

Jambo moja la ajabu. Kila nikielekeza rimoti kwenye tundu, kinyozi anafoka huko ng'ambo. Ati televisheni yake inahama yenyewe, penalti inageuka mapishi ya keki. Shangazi kasema kama rimoti inafika huko, basi... akanitazama tu. Basi nini? Wivu.

Ijumaa, 8 Agosti
Siku yenyewe. Lori linakuja kesho na Bibi hajafunga hata kijiko. Nikambandika Kapteni chingamu tumboni ili jino limnate. Nikamfunga uzi mrefu, nikamwachia tunduni. Uzi ukaenda. Ukaenda. Ukaisha!

Mara makelele kwa kinyozi. Mteja kakimbilia barabarani na shuka shingoni, kichwa nusu kimenyolewa, anaapa ameona mende anayejichaji.

Kinyozi akaingia kwetu na kizoleo mkononi, Kapteni juu yake, chali, nyaya hewani. Akataka kujua ni balaa gani hili. Nikamjibu kwa heshima kuwa ni mtambo wa kutafuta jino.

Akashusha kizoleo. Akauliza jino lipi, lile dogo lenye waya pembeni? Kumbe alilifagia mwenyewe, miaka ile, akadhani ni la mteja. Analo kwenye droo, katikati ya vitana, anasubiri mwenyewe arudi.

Akalileta. Bibi akalifuta kwa ncha ya nguo yake, akaliweka kiganjani, akaliambia polepole: "Kumbe ulikuwa kwa jirani tu."

Halafu akacheka, akacheka mpaka kinyozi akamshikia kiti. Kisha akaomba magazeti ya zamani, afungie vyombo.

Iandikwe wazi: Kapteni ndiye aliyelipata.

Jumapili, 10 Agosti
Nyumba mpya. Kuta nyeupe, hakuna ufa hata mmoja, hakuna anayefoka ng'ambo. Shangazi anasifu jiko: safi, halina hata mdudu. Bibi kasema kimya chake kama cha hospitali, anaona kama kaja kutembea na hakuna anayemwambia muda wa kuondoka.

Nikamwonea huruma. Bahati yake, nilibeba kitu cha nyumbani: mende saba wa jiko letu la zamani, ndani ya chupa, kikosi kipya. Kifuniko nimekitoboa wapate hewa. Labda nimekitoboa kupita kiasi. Asubuhi walikuwa saba. Sasa naona wawili, na Shangazi ananiita kutoka jikoni kwa jina langu kamili.

Nakwenda. Na rimoti nimeibeba.