Ombi la Kufutiwa Sala Tulizoomba Dhidi ya Timu ya Vifaru

Jumuiya ya Mtakatifu Ritha,
Kigango cha Juu,
Litembo, Mbinga.

Mpendwa Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utaitikia ukiwa peke yako ofisini, nami huku nimekwisha kuisikia hiyo "Milele amina" yako. Shikamoo pia, maana ingawa nilikuwepo siku ulipobatizwa, upadre hauna udogo.

Mimi ni Nicholaus, mkulima wa kahawa, baba yake Meinrad, yule kijana anayeinama kuingia kanisani na kuinama tena kutoka. Meinrad anacheza mpira wa kikapu wa kulipwa, na huu ni mwaka wa nane. Si nyota. Ni yule anayeingizwa mwenzake akiumia, na msimu ukiisha anaambiwa asante, afungashe. Amekwisha kupita Radi, Mamba na Nyuki, na tangu wiki jana yuko Vifaru, Dar es Salaam. Kocha wa Vifaru amemweleza wazi kwamba kwa umri wake hakuna timu nyingine itakayomchukua. Hawa wakimwacha, basi tena.

Hapo ndipo lalamiko langu linapoanzia, Baba.

1. Sala za jumuiya yetu hazina namna ya kurudishwa. Meinrad alipoanza Radi tulikubaliana kumwombea, jambo jema kabisa. Lakini mwenyekiti wetu, Mama Ottilia, alisema kumwombea mmoja ashinde bila kuwaombea wengine washindwe ni kupalilia nusu shamba. Tukaanza kuwataja wapinzani kwa majina. Mamba tuliwaombea basi lao liharibike njiani. Nyuki tuliwaombea wasilione goli. Radi wakamwacha Meinrad, akachukuliwa na Mamba. Basi la Mamba lilikufa likielekea mechi yake ya kwanza, na aliyelisukuma ni mwanangu, kwa kuinama, na urefu ule. Mgongo haujakaa sawa hadi leo.

2. Hatukujifunza. Alipokuwa Mamba tukazidi kuwakazania Nyuki. Mamba wakamwacha, akaenda Nyuki. Mechi ya kwanza tu, umeme ukakatika ukumbi mzima. Kweli, goli hawakuliona. Hata waamuzi hawakuliona, na wao hatukuwa tumewataja.

3. Ninavyoelewa mimi, sala ikishatumwa juu ya timu haiulizi nani kahamia. Ni kama shamba lililopigwa dawa ya magugu: ukipanda mche wa kahawa kesho yake, dawa haijui kwamba huo ni mche. Nilimuuliza katekista Cleopa kama kuna muda wa kusubiri sala iishe nguvu, akaniambia niulize ngazi za juu. Ndiyo sababu naandika.

4. Vifaru ndio tuliowaombea mabaya kuliko wote. Hao tuliwaombea Kwaresima, Baba, tena kwa kufunga. Mimi mwenyewe niliacha pombe na nyama ili Vifaru waporomoke. Mama Ottilia aliomba, na sisi tukaitikia, kwamba kila mchezaji mpya watakayemchukua awe mzigo kwao. Mchezaji mpya ni Meinrad.

5. Mchezo wenyewe nao hausaidii. Nilipendekeza tuombe sare, kila mtu aende zake kwa amani. Meinrad akaniambia kwa simu kwamba kikapu hakina sare. Wakilingana wanaongezewa dakika mpaka mmoja alie. Mchezo gani huu usiojua kusuluhishana? Huku kwetu hata ugomvi wa mipaka ya mashamba huisha, pande zote zikinung'unika sawasawa.

Kwa heshima zote naomba yafuatayo. Kwanza, isomwe Misa ya kufuta, na Vifaru watajwe kwa jina ili pasiwe na mkanganyiko huko inakopokelewa. Ikishindikana, Meinrad abatizwe upya kwa jina lingine, apite bila kutambuliwa, ingawa kwa urefu ule sidhani. Na hilo nalo likishindikana, Parokia ianzishe timu yake hapa hapa Litembo, yenye Meinrad peke yake. Hatakuwa na pa kuhamia, na sala zetu hazitakuwa na pa kukosea. Goli nimekwisha kulifunga kwenye mkaratusi nyuma ya nyumba. Kitanda chake pia nimekirefusha, maana Krismasi ya mwisho aliyokuja, na sasa ni zamani, alilala miguu ikiwa juu ya kigoda, nami sikupata usingizi kwa kumwonea huruma.

Kwa haki nieleze kwamba Mama Meinrad, yaani mke wangu Restituta, hahusiki na kosa hili. Hajawahi kutaja timu yoyote. Yeye hukaa pale mlangoni, husali kimyakimya, na humaliza kabla yetu.

Natanguliza shukrani. Nisalimie Baba Msaidizi, masista wote, mpishi wenu, na yule mbwa ambaye safari iliyopita hakuning'ata. Jumuiya nzima inakusalimu. Mama Ottilia anasema anakuombea, ila hakuniambia dhidi ya nani.

Wako katika Kristo,
Nicholaus, Baba Meinrad.

Nyongeza: Baba, kabla sijafunga bahasha nilimsomea Restituta barua hii. Hakucheka. Alisema nisikusumbue, maana hakuna kilichokosea njia. Miaka yote hiyo pale mlangoni anaomba jambo moja tu: kila timu imchoke mwanawe taratibu, imwache magoti yakiwa mazima, arudi nyumbani. Nilikasirika sana. Nilitoka nje nikasimama chini ya lile goli mpaka hasira ikaniishia. Niliporudi ndani nikamuuliza zimebaki timu ngapi, akasema ni hii moja.

Kwa hiyo, Baba, ile Misa usiisome. Acha sala za Kwaresima zifanye kazi yake, ila mgongo wake usiguswe tena. Kahawa imeanza kuiva, na ile ya matawi ya juu hatuna wa kuifikia.