Kufuli Langu na Mahubiri ya Jumapili

Baba Mchungaji mpendwa,

Bwana asifiwe. Ni mimi mzee wako wa kanisa, yule wa kiti cha mbele chini ya feni, mwenye karakana inayowashonea kwaya majoho. Nakuandikia kwa unyenyekevu mkubwa, ingawa nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi.

1. Jumapili iliyopita mwinjilisti wako mpya alisoma lile somo la kuwafungulia waliofungwa. Somo lenyewe sina neno nalo. Tumelisikia tangu utotoni na halijamdhuru mtu. Ila yeye akalieleza! Kila mtu anajua kufungwa kule ni kwa kiroho. Yeye akasema hata mlango wa mbao unahusika.

2. Mafundi wangu kumi na wawili walikuwepo, na siku hiyo hakusinzia hata mmoja. Jumatatu wakaniuliza kwa nini nawafungia kufuli kwa nje toka asubuhi hadi jioni. Jamani! Nawafungia wasizurure. Choo kimo ndani, maji yamo ndani, Neno la Mungu nimelibandika ukutani. Wanataka kwenda wapi?

3. Mama mmoja kati yao ana pumu. Anadai vumbi la vitambaa linambana kifua, eti mlango uachwe wazi. Nikamwekea mikono kichwani nikamwombea, dakika kumi nzima, bila kumkata mshahara. Mwinjilisti wako akaja kuniuliza, tena mbele ya watu, kama mikono ileile haikuweza kushika ufunguo. Huo si utovu wa adabu?

4. Sasa wanaimba. Ni wimbo wetu wenyewe wa minyororo kukatika, siwezi kuukataza. Lakini wanaimba huku wameukodolea macho mlango wangu.

Kwa hiyo naomba neno "haki" lisomwe Jumapili ambazo waajiri tumesafiri. Tena ibada zigawanywe: wafanyakazi wahubiriwe subira, sisi tuhubiriwe baraka, na kila mtu arudi kwake na amani. Huyo mwinjilisti naye ahamishiwe mahali pasipo na milango.

Nisalimie Mama Mchungaji, wazee wenzangu na kwaya yote, hasa sauti ya nne, ambao majoho yao bado hayajaisha.

Nduguyo katika imani isiyoingilia kazi za watu,
Mzee wa Kiti cha Mbele

Nyongeza: Baba, leo Jumamosi mafundi wametoka mapema. Nilikuwa stoo, nyuma ya marobota ya vitambaa, namalizia barua hii. Shemeji yangu, msimamizi, amefunga kufuli kwa nje bila hata kuchungulia, kama nilivyomfundisha, na ufunguo ameondoka nao hadi Jumatatu. Simu nimeiacha garini, na gari ameondoka nalo. Barua nampitishia mlinzi kwenye nondo za dirisha. Yeye ufunguo hana, nilimkatalia mwenyewe. Nimeita, nimegonga, sasa nakohoa. Yule mama hakusema uongo, hili vumbi linabana kweli. Tafadhali mtume mwinjilisti upesi, aje na nyundo. Maombi tutafanyia nje.