Mgongo Wangu na Kwelea wa Issuna

Jumatatu, 5 Mei

Mgongo umeamka kabla yangu. Nilijiviringisha kutoka kitandani kama gunia la alizeti, nikatua sakafuni kwa magoti, nikabaki hapo. Mhudumu wa gesti alipita dirishani, akaniona, akaniomba nimkumbuke na yeye katika maombi. Nikamkubalia.

Hali ilivyo: kampuni imetuleta Singida kunyunyizia dawa kwelea kwelea, vile vijindege vinavyomaliza nafaka za watu. Ndege ya dawa ni moja. Ina kiti kimoja. Marubani ni wawili. Wa kwanza ni mimi, Kapteni Gaspari, mzaliwa wa Issuna, mzoefu. Wa pili ni Clement, kijana anayefanya mazoezi uani bila shati. Leo aliinama akagusa vidole vya miguu, akakaa huko huko chini, akanipa shikamoo. Anatamka shikamoo kama mtu anayenizika!

Bosi kapiga simu kutoka Arusha. Ijumaa daktari wa kampuni anakuja kutupima. Nikishindwa, kiti ni cha Clement. Na Jumamosi dawa ya Issuna inafika. Kwelea wanalala kwenye kichaka cha miiba pale pale jirani na shamba la Shangazi Emiliana, aliyenilea. Bwana shamba kasema wakiivuka wiki hii wakiwa hai, uwele wa kijiji kizima umekwenda.

Nimeshamwambia shangazi nitawamaliza mimi mwenyewe. Siwezi kumpelekea Clement.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata wazo zuri sana. Ule mkanda mpana wanaofungwa wanawake waliojifungua, wa kubana tumbo. Ukibana tumbo, utashikilia na mgongo. Nimekwenda sokoni Singida Mjini nimevaa kofia hadi machoni. Muuza duka kaniuliza ni wa nani. Nikasema wa mke wangu. Akaniuliza mtoto wa kike au wa kiume. Nikasema wa kiume. Akanipongeza kwa sauti, na jirani yake wa duka la ndoo akanipongeza pia.

Jioni nimeruka kijiji cha Ulemo nimefungwa mkanda. Mgongo ulitulia. Pumzi ndiyo iliyokatika. Nilimwaga dawa nikiona nyota wakati jua halijazama. Kwelea wengi walikufa hata hivyo. Nilishuka kwenye ndege kwa heshima zote.

Kumbe Clement alikuwa sokoni akinunua ndizi. Amempigia mke wangu Rebeka, kule Morogoro, kumpa hongera ya mtoto. Rebeka ana wajukuu. Rebeka kanipigia. Sitaandika aliyosema.

Jumatano, 7 Mei

Rebeka hapokei simu. Nimepanda bodaboda hadi Issuna. Kila tuta la njiani nimelihisi kwenye meno.

Shangazi nilimkuta shambani anaamia. Tangu alfajiri yuko juu ya kichanja, anapiga debe, anarusha mawe kwa kombeo, anapiga kelele. Sauti imemkauka kabisa. Kwelea wanashuka upande huu, akigeukia huku wanashuka kule. Watoto wa jirani nao wanaamia badala ya kwenda shule. Nilimpa shikamoo, akaipokea kwa kichwa tu. Kisha akaninong'oneza kwamba sasa ananisubiri mimi, maana majirani wengine wameanza kukata uwele mbichi, na yeye amekataa kwa sababu mwanawe anakuja na ndege.

Nilijisikia mkubwa sana. Nikataka kunyoosha mabega. Nikapiga yowe.

Basi akaniingiza ndani, akanivua shati, akanipiga chuku mgongo mzima kwa pembe ya ng'ombe, kama alivyokuwa akimfanyia marehemu mumewe. Akanivuta damu ile chafu. Wallahi, mimi ni Mkristo, lakini wallahi nilisimama wima! Nilirudi mjini nikitabasamu. Daktari aje tu.

Alhamisi, 8 Mei

Mgongo afadhali. Mguu wa kulia ndiyo habari ya leo.

Nilitembea kutoka gesti hadi uwanja wa ndege kwa kandambili. Nilipofika, fundi wetu Stumai alikuwa ananifuata nyuma na kandambili yangu ya kulia mkononi. Ilinivuka getini. Nimetembea peku juu ya kokoto na sina habari! Stumai akautazama mguu, akaniuliza kama ninausikia. Nikamjibu kwamba wazee wa Kinyaturu tumezoea kutembea peku. Akanikumbusha kwamba na yeye ni Mnyaturu, na kokoto anazisikia.

Kisha akasema mambo ya ajabu. Kwamba Jumamosi nimwachie Clement Issuna. Kwamba kwenye kutua, pedali ni miguu, si mvi. Kwamba kwelea hawaulizi nani amewamwagia. Nimegundua wamepanga pamoja, yeye na Clement. Nilimwona juzi akimpa kijana huyo kipande cha muhogo.

Nimekaa chumbani nikajifinya vidole vya mguu kimoja kimoja. Kidole gumba hakina mtu. Cha pili hakina mtu. Nimeogopa, kusema kweli. Nimeogopa kama mtoto. Halafu nikavaa soksi, nikaacha kuogopa.

Ijumaa, 9 Mei

Daktari ni mwanamke, anaitwa Scholastika, Mnyiramba, mpole. Nikajua nimepona.

Akaniambia nivue shati. Nilikuwa nimesahau! Mgongo wote umejaa miduara myeusi ya chuku. Nikasema niliegemea masufuria ya moto. Akaniuliza masufuria mangapi. Akasema hata bibi yake alikuwa anapiga chuku, na kwamba mtu asiyeumwa mgongo hapigwi chuku namna hiyo.

Akanitaka nisimame kwa ncha za vidole. Mguu wa kushoto ulisimama. Wa kulia ulibaki chini. Akaniambia nifumbe macho, nimwambie atakapogusa unyayo. Hapo nikatumia akili. Nikasubiri kidogo, nikasema sasa. Akasema bado hajanigusa. Nikasubiri zaidi, nikasema sasa hivi. Akasema alishanigusa muda mrefu, na sasa anaandika.

Alikaa karibu yangu kama anayetoa habari za msiba. Mshipa wa fahamu umebanwa kiunoni. Nikiendelea kuruka, mguu utakufa moja kwa moja, na huenda usife peke yake. Niende Dodoma hospitali haraka. Ripoti atampelekea bosi Jumatatu ofisi zikifunguliwa. Hadi hapo akataka nimwahidi kwamba sitagusa ndege. Nikaahidi. Akanishukuru kwa uungwana wangu.

Jumatatu! Jumamosi inatangulia Jumatatu. Sikuipanga mimi.

Nje Clement alikuwa ananisubiri, amekwishapimwa, mzima kama jiwe. Akauliza majibu. Nikamwambia nimepita. Akanikumbatia. Nadhani alifurahi kweli, na hilo limenikera zaidi. Hata Stumai aliomba radhi.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika nimelala chali.

Niliingia kwenye ndege mapema mchana ili wasione ninavyopanda. Nikakaa humo jua likinichoma, mkanda wa mzazi kiunoni, vidonge vya maumivu tumboni, kiatu cha kulia nimekivua nikidhani nitaisikia pedali vizuri zaidi. Clement aliniletea maji. Aliniuliza tena kama nataka aende yeye. Aliuliza kwa adabu, akaniita mzee wangu. Nikamwambia aende akafanye mazoezi yake.

Nilifika Issuna jua linazama. Kwelea walikuwa wanaingia kichakani kwa wingi wa kutisha, matawi yanainama. Chini niliwaona watu wamesimama nje ya nyumba zao, wananipungia kanga na mashati. Nikashuka. Nikakata kona. Nikakanyaga pedali ya kulia, au nilidhani nimekanyaga. Ndege ikateleza upande. Nikajipinda kuirekebisha, na mgongo ukakatika, sina neno lingine, ukakatika. Nikavuta usukani huku nikipiga mayowe. Dawa yote ikamwagika korongoni, kwenye mchanga mtupu.

Kwelea wakanyanyuka wote kwa pamoja. Kisha wakatua tena palepale, wazima.

Kurudi uwanjani ndiyo usiseme. Magurudumu yaligusa ardhi, ndege ikaanza kwenda kushoto. Nikakanyaga kulia. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote, naapa. Nilipotazama chini, mguu ulikuwa umelala sakafuni, mbali na pedali. Tukaingia mtaroni. Pangaboi la ndege limepinda, gurudumu moja limelala shambani kwa mtu.

Aliyenitoa ni Clement. Alinibeba mgongoni hadi kwenye gari. Ana mgongo mzuri sana. Sitamsamehe.

Jumapili, 11 Mei

Niko wodini. Mguu wote wa kulia sasa haupo, isipokuwa kwa kuutazama. Stumai kaja kusema ndege haitaruka msimu huu na nyingine ya kuleta haipo. Nimemweleza kwamba ulikuwa upepo. Singida ina upepo mwingi, kila mtu anajua. Akaondoka.

Mchana akaja Shangazi Emiliana kwa basi, na mchuzi wa kuku kwenye kopo. Kwelea walishuka shambani kwake tangu kulipopambazuka. Aliamia hadi mikono ikakataa kuinuka. Masuke yameliwa yote, yamebaki mabua matupu. Majirani waliokata mbichi angalau wana cha kusaga. Yeye alisema mabua atawapa ng'ombe, hivyo si hasara yote. Alikuwa ananifariji mimi! Nililia mbele yake na sikujificha, na akanifuta uso kwa upindo wa kanga akisema mtu mzima halii kwa ajili ya uwele.

Nikiwa bado nalia, nilikuwa nafikiria Dodoma. Daktari wa huko hanijui. Mtu akifanya mazoezi ya kushika ukuta kwa ujanja, anaweza kuonekana amesimama kwa vidole. Na safari hii chuku nisipige.

Halafu shangazi akaniuliza jambo, polepole, bila ubaya. Kwamba kwa kuwa niliumwa hivi, je, hapakuwa na rubani mwingine wa kuja Issuna?

Nikamwambia hapakuwa.

Akaniamini palepale. Akanishika mkono, akasema basi nipone upesi, maana mwakani atapanda tena na kwelea watarudi, na yeye hana mwingine wa kumtegemea. Nimemwahidi nitakuja mwenyewe.