Mipaka Minane Kutoka Guangzhou

Jumatano, 4 Juni 2025. Chapwa, Tunduma.
Shangazi Yunisi anarudi kutoka Guangzhou kufungua duka la vipuri vya pikipiki. Anatafuta msimamizi. Tumebaki wawili: mimi na Dina, binti wa baba mdogo. Ametupa mtihani kwa simu. Usiku wa kuamkia Jumamosi ndege yake inaondoka kule saa saba kwa saa zao, moja kwa moja hadi Dar. Itatua saa ngapi kwa saa zetu? Atakayepatia atapewa funguo. Namhurumia Dina. Jiografia nilipata B.

Alhamisi, 5 Juni.
Nimepima ramani ya ukutani kwa uzi. Kilomita elfu nane na mia saba hivi. Ukiweka kupaa na kutua, saa kumi na mbili angani. Wengi wangeishia hapo. Sisi wa mpakani tunajua zaidi: ukivuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, unarudisha saa moja nyuma. Mpaka mmoja, saa moja. Nimehesabu mipaka chini ya uzi. Saba. Bahari nayo nimeipa mmoja, kwa heshima. Jibu: saa kumi na moja alfajiri. Nimelituma.
Dina hakupima chochote. Alikuwa anapaka kucha rangi. Akaniuliza kama uzi ule nimeuchomoa kwenye sweta la mama.
Ndiyo, lakini si hoja.

Jumamosi, 7 Juni.
Saa kumi na moja alfajiri niliamsha nyumba nzima tupige vigelegele. Vikapigwa. Jirani Osea akaja na blanketi begani kuuliza nani amejifungua. Simu ya shangazi haipatikani. Vikapigwa tena. Mama akasema sauti imemwisha, akarudi kulala.
Saa mbili asubuhi shangazi akapiga: ndiyo kwanza wametua. Na Dina alijibu saa mbili! Nikamuuliza alipimaje. Akasema, kaka, si nilimpigia shangazi nikamuuliza.
Nikakata rufaa. Huo ni wizi wa mtihani. Shangazi akacheka mpaka akapaliwa. Akasema, Ambakisye mwanangu, mzigo ukichelewa nataka mtu wa kuuliza, si wa kuchomoa nyuzi. Funguo ni za Dina. Mimi nitapokea mizigo, kwa sharti kwamba niulize kwanza. Nimekubali kwa moyo wote.

Jumapili, 8 Juni.
Shangazi amefika. Kanikumbatia mimi kabla ya Dina. Kila mgeni anasimuliwa ile mipaka minane, na nyumba inatikisika kwa kicheko. Nami nimecheka, ingawa hesabu haikuwa na kosa. Ndege ndiyo ilichelewa.

Jumatano, 11 Juni. Uwanja wa ndege wa Songwe.
Mzigo wa kwanza unatoka Dar. Dina alinipa namba ya ofisi ya mizigo. Sikuona haja; Dar hadi hapa hakuna mpaka hata mmoja. Nimekaa getini tangu asubuhi. Mlinzi kanionea huruma, kaenda kuniulizia ofisini, karudi na jibu: kaka, mzigo wako ni kesho.
Nimemwomba asogee kidogo. Kivuli chake kinafunika hesabu zangu.