Tsuma na Kipande cha Mwisho cha Mkate wa Sinia

Sogeeni, enyi watu wa Likoni na Changamwe, na nyinyi wa Kisauni hata mwisho wa Utange. Tueni vikombe vyenu, msikie vita vilivyopiganwa sebuleni kwa Bi Mwanatabu wa Likoni, alasiri ya Jumapili, ambapo hapakumwagika damu ila chai, nayo kidogo.

Alikuwako Tsuma bin Kai, mwalimu wa Utange, simba wa chaki, msomaji wa hekima za Wayunani wa kale. Huyo alivuka kivuko na sahibu yake Musyoka wa mabega mapana, apakiaye mizigo ya ndege Port Reitz, waende wakaonwe na wakwe. Maana Tsuma alimpenda Nadira mpaka akakonda, na ruhusa ilikuwa kwa mamake.

Bi Mwanatabu alikaa nyuma ya pazia, kama ada, akiisha kumwambia bintiye: "Amalizaye sahani ya watu atanimalizia na mwanangu. Naye aachaye chakula changu, amenidharau. Nitaitazama sahani, ndipo nijibu." Nadira akampenyezea Tsuma maneno hayo mlangoni.

Mkate wa sinia ukaletwa, unanukia iliki, vipande vinane. Mzee Hashim, ami yake Nadira, akala vitatu. Wageni wakala viwili viwili. Kikabaki kimoja, nacho kikawatazama.

"Kula, mwanangu," Mzee Hashim akamwambia Tsuma. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami sijapona mpaka ule."

"Wallahi nimeshiba, ami. Wewe ndiwe mkubwa."

Hapo Tsuma akakumbuka walivyofundisha Wayunani, ya kuwa wema hukaa katikati, baina ya kuzidi na kupungua. Akatwaa kisu, akakikata kipande nusu kwa nusu, akala nusu, akajiona ameshinda. Ole wake, kwani nusu iliyobaki ndiyo sasa ikawa ya mwisho. Mzee Hashim naye, kwa heshima, akaikata nusu. Musyoka akakata nusu ya hiyo. Kisu kikazunguka mara ya pili, kikazunguka ya tatu, hata pakabaki punje ya kumshibisha sisimizi mmoja asiye na wageni. Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Mwalimu, hapa tutakata hadi lini?" akauliza Musyoka.

"Myunani mmoja alinena kwamba kila kitu, ukikigawa sana, hufika mahali kisigawanyike tena."

Mzee Hashim akatafakari. "Huyo Myunani alipata kwenda ukweni?"

Tsuma akakitazama kisu mkononi mwake. Kijasho kikamtoka, akaona haya, akamwona Nadira akimponyoka kwa sababu ya punje. Ndipo akafahamu kwamba katikati haipatikani kwa kisu. Akaweka kisu chini, akasimama, akalielekea pazia, akahutubu:

"Shikamoo, mama. Mkate wako ni mtamu, nami nina uchu nao. Nilisema nimeshiba, nikasema uongo. Naomba ruhusa nikimalize kipande hiki."

Pazia likajibu:

"Marahaba, baba. Kula. Aliyeomba hakumaliza, amekaribishwa. Sinia la pili liko jikoni tangu adhuhuri, namngoja mwenye kinywa."

Tsuma akaila ile punje. Hakuonja kitu.

Basi na iandikwe, wajukuu waje wasome: Likoni, mbele ya mashahidi wawili na pazia, mtu mmoja alikula kipande cha mwisho, akapewa mke. Sinia la pili likaingia, vipande vinane. Mzee Hashim akakikalia kisu.