Kibwawa cha Mama Mkwe

Jumatatu, 10 Februari 2025

Kibwawa kimekuwa kijani kama mlenda. Ukitumbukiza kidole, kinatoka na utelezi. Jua la mwezi huu halina huruma, na mimi nimekuwa nikiwamwagia samaki mkate kwa ukarimu mno. Wameshindwa kuumaliza. Umeozea humo humo.

Mama mkwe, Bi Sabaha, yuko Tanga kwa dada yake. Anarudi Jumapili. Aliniachia brashi na maagizo: kila Ijumaa nisugue kuta na kubadilisha nusu ya maji, na chakula kiwe kidogo tu. Brashi ingali mpya kabisa. Kupiga magoti kusugua saruji ni kazi ya mtu asiye na mbinu. Mimi Uledi ninazo.

Kibwawa alikijenga marehemu baba mkwe kwa mikono yake, hapa uani, maghorofa ya Kariakoo yakiwa yametuzunguka pande zote. Humo anaishi Bwana Mkubwa, samaki mzee mwekundu, ambaye Mama huongea naye kila alasiri.

Jioni akaja mwanyumba wangu Khalfani, mume wa dada yake mke wangu Husna. Anakaa Upanga, anauza vitenge kwa jumla. Akaziba pua. Akasema hapa pakifukiwa patatoka stoo safi ya marobota, na Jumapili atamwambia Mama hivyo hivyo. Nikamjibu kwamba Jumapili nitaweka gazeti chini ya maji na yeye atalisoma akiwa amesimama. Husna alisikia. Siwezi tena kurudi nyuma!

Jumanne, 11 Februari

Mbinu ya kwanza: buluu ya kufulia. Kama inang'arisha shuka, maji itayashindwaje? Nimemimina pakiti nzima.

Maji sasa yana rangi ambayo haina jina. Samaki wanaonekana kama wamevaa sare za shule. Violeth, mpangaji wetu wa chumba cha uani, amesema ukiwa mbali panapendeza. Nikamuuliza mbali kiasi gani. Akasema Posta.

Jumatano, 12 Februari

Nimesoma kwenye simu kwamba ukijani unalishwa na jua. Basi! Nimeukatia chakula. Nimetandaza turubai juu ya kibwawa na kulifunga kwenye kamba ya nguo, fundo la kiume kabisa.

Saa tisa upepo ukavuma. Turubai likavimba, likavuta kamba, na kamba ikaangukia majini na nguo zake zote. Miongoni mwa nguo hizo, gauni jeupe la kwaya la Violeth. Anaimba nalo Jumapili.

Sasa gauni lina rangi ile isiyo na jina. Violeth hakunitukana. Alilikamua polepole huku akiniangalia. Nilitamani anitukane.

Alhamisi, 13 Februari

Nimejificha ndani. Nafikiri.

Ijumaa, 14 Februari

Asubuhi nilinunua dawa ya maji ya kutoa madoa, kwa ajili ya gauni. Gauni likarudi jeupe! Nikatazama chupa, nikatazama kibwawa. Nikatia kifuniko kimoja. Hakukutokea kitu. Nikatia kingine. Kisha nikamkumbuka Khalfani na pua yake, nikamimina iliyobaki. Nikaenda kuswali nikiwa na moyo mweupe.

Niliporudi samaki wote walikuwa juu, midomo wazi, wanahema. Bwana Mkubwa alikuwa amelala ubavu.

Nilipiga ukelele ambao nadhani umesikika Msimbazi. Husna alitoka na mabeseni. Violeth akaja mbio na ndoo, bila kuitwa, gauni lake likiwa bado linaning'inia pale. Tukachota maji kwenye pipa la mvua, tukawahamisha samaki mmoja mmoja. Mimi nilimshika Bwana Mkubwa. Mwepesi, jamani, kwa mkubwa kama yule. Violeth, ambaye kwao ni Nyasa, alipaza sauti: "Usimwachie! Msogeze mbele taratibu, maji yapite mdomoni!"

Nikamsogeza. Nilimwambia kwamba Mama anakuja. Nilimwomba radhi kwa buluu. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Kabla ya adhana ya alasiri akatikisa mkia.

Husna alinifuta uso na ncha ya kanga yake, akaingia ndani.

Jumamosi, 15 Februari

Tumemwaga maji yote. Tumepiga magoti watatu na kusugua tangu asubuhi, tumesuuza, tumesuuza tena. Tumejaza, tukawarudisha samaki. Maji yanaonyesha hadi chini.

Brashi tu! Nimekasirika kidogo.

Jumapili, 16 Februari

Mama amefika. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba huku macho yake yako uani. Akainama, akamwita Bwana Mkubwa. Akaja juu. Mama akauliza kwa nini mapezi yake yana buluu.

Nilikuwa na jibu zuri kuhusu uzee. Husna akaniwahi, akaeleza yote, tangu buluu mpaka chupa. Nilisubiri kufukuzwa.

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Baba yenu alitia chokaa, mwanangu. Samaki wa kwanza walikufa wote. Akalia siku mbili, ndipo akanunua brashi."

Kisha akayatazama maji kwa muda mrefu. Khalfani alikuja baadaye na futi ya kupimia. Mama akamwambia airudishe mfukoni, marobota yana pa kulala mji mzima, Bwana Mkubwa hana. Khalfani akanywa chai yake haraka. Sikutabasamu. Nilitabasamu jikoni.

Mama amenipa kazi ya kibwawa rasmi. Nimeapa mbele ya wote: brashi, kila Ijumaa, maisha yangu yote.

Ijumaa, 21 Februari

Siku ya brashi. Nimesugua ukuta mmoja. Magoti yameuma. Kuta zimebaki tatu.

Nikatoka kwenda sokoni kununua dawa ya kuchua, nikakutana na mtu anauza bata. Bata wanakula majani ya majini, ameniapia. Wanakula mchana kutwa bila kusimamiwa, na samaki hawawagusi, wanawaheshimu.

Nimechukua wanne. Mama amelala, Husna bado hajarudi kutoka kazini. Wameingia majini wenyewe, sikuwasukuma hata kidogo. Mmoja tayari amezamisha kichwa na kuinua mkia juu.

Anafanya kazi kwa bidii sana.