Kuku Waliomngoja Mgeni Rasmi

Napenda kuwatangazia wananchi wote wa kata yetu, pamoja na wasafiri wapitao Misigiri kwenda Shelui, kwamba Mradi wa Kuku Mlinzi umefanikiwa hadi ukavuka malengo. Anayesema vinginevyo hana uzalendo, au hakuwepo barabarani siku ile kuku walipohama.

Nasema haya nikiwa mjumbe wa Kamati ya Mapokezi ya Kuku, kwa niaba ya kundi la mabibi. Wenzangu walichaguliwa kwa elimu zao. Mimi siku ya uteuzi nilikuwa napita na kuku kwapani, Bwana Chediel akaninyooshea kidole bila hata salamu: "Huyu hapa ana uzoefu."

Bwana Chediel ni Mratibu Mkuu wa Mamlaka ya Kuboresha Viumbe. Ana suti ya kijivu na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuvua anapotaka kusisitiza jambo. Alitueleza taratibu, hata mimi wa darasa la saba nikaelewa. Kuku wetu wa Singida ni mtamu, alisema, lakini ni mjinga. Mwewe akimjia, analia. Kicheche akimjia, analia. Mwizi akimjia, ananyamaza kabisa. Kwa hiyo wataalamu wamechukua jeni ya mbwa wakaipandikiza kwenye kuku, na sasa kuku akiona adui, anabweka.

Jirani yangu Rukaiya akanyoosha mkono.

"Samahani mheshimiwa. Huyo ni kuku au ni mbwa? Nataka kujua kabla sijabandika sufuria."

"Ni kuku, mama, kwa asilimia tisini na tisa."

"Na hiyo moja iliyobaki imekaa upande gani? Nisije nikaila kwenye paja."

Watu wakacheka. Bwana Chediel akavua miwani. "Swali hilo tumelipokea," akasema. Na kweli, limepokelewa mpaka leo.

Ndipo akasoma waraka. Ili damu zisichanganyike, kila kuku wa kienyeji katika kata aondolewe kabla vifaranga wapya hawajafika. Auzwe au aliwe, mwenyewe achague.

Siku naolewa mama yangu alinipa tetea mmoja, amemfunga miguu kwa kamba ya katani, na kuku wote waliopita uani kwangu ni uzao wake. Sasa mjumbe huangaliwa na watu. Wengine niliwauza Shelui kwa madereva wa malori, wengine tukawala bila hamu. Akabaki mmoja, kishingo, shingo tupu nyekundu kama pilipili na manyoya ya madoa kama ya kanga. Akienda huyo, mama yangu naye ameondoka mara ya pili.

Lakini serikali ina huruma. Mwishoni waraka ulisema kuku anayeatamia asiguswe mpaka aangue. Basi kishingo akaatamia.

Benson, bwana mifugo wetu, kijana mwenye adabu, alikuwa anakuja na pikipiki kila wiki kukagua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Vuta kigoda."

"Bado tu anaatamia?"

"Bado."

"Mayai gani haya, bibi? Hata mbuni angeshaangua!"

"Kuku halazimishwi. Wewe mama yako alilazimishwa?"

Akainama achungulie. Kishingo akamdonoa kidole, naye akarudi kwenye pikipiki yake ananyonya damu. Kama angechungulia vizuri angeona vitunguu vyekundu. Waraka ulisema kuku anayeatamia. Haukusema anaatamia nini, na sisi wajumbe tunafuata maandishi.

Vifaranga wa Mamlaka walifika asubuhi, ndani ya maboksi, wakawekwa uwanja wa ofisi ya kata. Ratiba ilisema mgeni rasmi, yaani Bwana Chediel, atakuwa wa kwanza kuwalisha kwa mkono wake na picha zipigwe. Mgeni rasmi alikuwa kwenye kikao. Vifaranga walilia mpaka adhuhuri. Rukaiya akaja na chenga za mtama kwenye upande wa khanga, mimi nikamzuia, maana mimi ndiye niliyeshika bakuli la heshima, lenye mtama wa mgeni rasmi.

"Rukaiya, tangu lini mtu akala kabla ya mgeni rasmi?"

"Hawa si watu, Selina!"

"Ndiyo maana tumewapa heshima ya watu."

Jua likazama. Kesho yake kikao kikaendelea. Vifaranga walikuwa wameshanyamaza, wamelala midomo wazi, ndipo gari jeupe likaingia. Bwana Chediel akachota konzi ya mtama, akageukia kamera, akatupa. Vifaranga wakainua vichwa, wakamtazama yeye, wote kwa pamoja, kwa muda mrefu. Kisha wakala. Mimi nilisema ile ni nidhamu. Benson alisema ni njaa. Hakuna aliyekumbuka tabia ya mbwa kwa mtu anayemlisha kwanza.

Tukagawiwa, tukafuga, wakakua. Walibweka kama tulivyoahidiwa. Walimbwekea mwewe na kicheche, kisha mchungaji na shehe bila ubaguzi, kisha mimi mwenyewe ninayewapelekea maji. Walipoanza kutaga, kila mmoja alilinda mayai yake, na ukipeleka mkono unarudi huna kucha. Kata nzima ikawa imejaa kuku na haina yai. Kamati iliandika taarifa kwa Mamlaka kwamba usalama wa yai umefikia asilimia mia, nami niliunga mkono.

Siku moja Bwana Chediel alisimama Misigiri kununua vitunguu. Alipofungua mlango wa gari, tetea mmoja pembeni ya barabara alimwona. Mkia ukaanza kutikisika. Akabweka mara moja tu, mbweko ambao hatujawahi kuusikia, wa furaha. Nyuma ya kila nyumba wakatoka, wakaruka nyua, wakampita Rukaiya nusura wamwangushe na ndoo. Bwana Chediel akafunga mlango, akaondoka mbio. Nao wakamfuata mlima Sekenke wote. Malori yalisimama foleni, matingo wakapanda juu ya mizigo kushangilia. Walimfuata hadi nyumbani kwake Shelui, wakazunguka uzio.

Tangu hapo hakuna aliyeingia pale. Si muuza maji, si tarishi, si mke wake akirudi kanisani. Akienda ofisini, wanakwenda naye. Wanakaa chini ya meza ya mkutano, na mjumbe akipinga hoja yake wanabweka mpaka akae. Mwanzoni alifurahi. Inasemekana vikao vya Mamlaka havijawahi kuwa na maelewano kama kipindi hicho.

Kisha ikaja habari kwamba mkubwa wake, Mama Martina, anatoka Dodoma kukagua mradi. Mgeni wa hadhi ile akifika Singida anakula kuku wa Singida. Bwana Chediel akaja mpaka kwangu, kundi lake nyuma linanibwekea ndani ya uwanja wangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Siku ya uteuzi hakunisalimia, kwa hiyo niliipokea kama malimbikizo.

"Nasikia una kuku wa kienyeji."

"Nani kasema? Kata hii haina kuku wa kienyeji. Si wewe ulitangaza redioni?"

"Si yule pale, bibi?"

"Yule anaatamia."

"Bibi, nakuomba. Mama Martina hawezi kula hawa."

"Hawa wana nini?"

Akageuka nyuma. Mikia yote ikatikisika. Akashusha sauti wasimsikie. "Hawa ni wa wananchi."

Sitaki kudanganya, nilisitasita. Kwetu mgeni hanyimwi kuku, hata awe wa mwisho. Nikamtazama kishingo, naye akanitazama kwa jicho moja, ametulia juu ya vitunguu vyake.

"Mwanangu," nikasema, "mimi ni mjumbe. Nikikupa, nitakuwa nimevunja waraka wako."

"Ataangua lini?"

"Kuku halazimishwi."

Basi chakula kikaandaliwa Shelui, nami nikaalikwa. Mama Martina alikuwa amekwisha nawa, mikono juu ya meza. Kwa kuwa Kuku Mlinzi hashikiki na mtu mwingine, Bwana Chediel alivua koti, akatoka uani na kisu, akaita. Tetea mmoja akaja mbio, akalaza kichwa juu ya kiatu chake. Akamwinua. Tetea akamtazama kama ile siku ya kwanza. Tulisubiri. Kisu kikaanguka chini.

"Siwezi," akasema. Neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka ndani ya Mamlaka.

Mama Martina alikula ugali kwa mlenda, akamaliza, akasimama kuhutubia. Alisema mradi umefanikiwa. Alisema viumbe hawa wanahitaji usimamizi wa karibu, na mtu wa karibu ni mmoja tu. Kuanzia siku hiyo Bwana Chediel alipandishwa cheo kuwa Msimamizi Mkazi wa Kuku Mlinzi, kituo chake porini nyuma ya Misigiri, ambako hawatambwekea kiongozi yeyote.

Anawachunga mpaka sasa, fimbo mkononi, suti ileile. Kila wiki Benson huenda kumkagua, kisha hupita kwangu kuniambia, "Bado anachunga, bibi."

Mimi niliondoa vitunguu. Rukaiya alimwagiza kaka yake anayeishi Issuna mayai ya kienyeji, yakaja ndani ya debe la pumba. Kishingo akaangua yote. Vifaranga hawajakauka vizuri, nikawatupia chenga za mtama papo hapo, kwa mkono wangu.

Wakakua, wakaanza kutaga. Asubuhi moja nikasikia mbweko kwenye uzio. Bwana Chediel amesimama, amekonda, kundi lote nyuma yake.

"Shikamoo bibi. Naomba yai, hata moja. Hawa hata mimi hawaniruhusu kugusa kiota."

"Marahaba mwanangu. Mayai yapo, tena ya leo. Kaa kwenye jiwe hapo usubiri."

"Nasubiri nini, bibi?"

"Mgeni rasmi hajafika."

Akakaa. Na kuku wake wote wakakaa.